Kuli Baada ya Mgomo

Wahakiki wengi wa riwaya ya Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi hushughulikia fani na maudhui, halafu humaliza kwa kumsifu Rashidi kuwa ni mhusika aliyekomaa kisiasa. Sikatai. Mgomo wa Unguja wa 1948 ulistahili riwaya. Lakini mimi nina swali jingine: mgomo ukishavunjwa, mke na watoto wa kuli wanakwenda wapi?

Swali hili sikulipata darasani. Marehemu bibi yangu, kule Fukayosi, akiulizwa kwao wapi alikuwa akijibu, "Sie wakimbizi wa bandarini." Tulikuwa tukicheka. Kwani mkimbizi si mtu aliyevuka mpaka?

Siku hizi sicheki. Makuli wa Dar es Salaam waligoma 1939, wakagoma tena Septemba 1947, na mgomo huo ukafuata reli hadi bara. Wakapata nyongeza ya mshahara, wakaunda chama. Februari 1950 wakagoma kupinga utaratibu mpya wa kuandikishwa kazini. Zikazuka vurugu, watu wakafungwa, chama kikafutwa. Tena kuli wa kutwa aliyekosa kazi hakukabiliwa na njaa peke yake. Tangu 1944 ilikuwapo sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika "wasiotakiwa", na asiye na kazi ndiye aliyetazamwa kwanza. Babu hakungoja. Waliondoka alfajiri na mkeka, sufuria mbili na mtoto mgongoni. "Hatukufukuzwa na bunduki," bibi alikuwa akisema, "tulikimbia lile swali, wewe kazi yako nini?" Na swali hilo halikuondoka na mkoloni. Mwaka 1983, katika Nguvu Kazi, watu wa Dar waliulizwa hilohilo kisha wakapakiwa kupelekwa mashambani.

Haya, runinga. Zanzibar waliipata 1973, tena ya rangi. Sisi bara tukangoja hadi 1994. Katika tamthiliya nilizozitazama nimeona mirathi, uchawi na wake wenza hadi nimechoka. Kuli aliyefukuzwa kazi sijamwona. Yote hutokea sebuleni, labda kwa sababu makochi hayagomi. Ajabu ni kwamba Rashidi Kawawa aliigiza filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa 1955. Kamera aliijua, na mgomo akaujua! Ila filamu ile ilitengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, na serikali hiyo isingetaka kuonyesha kuli anayegoma. Baada ya Uhuru kisingizio hicho hatunacho tena.

Mimi ningepewa kamera, bandarini nisingekaa sana. Ningeanzia Fukayosi, jioni: mwanamke yuko mlangoni kwa shemeji yake, mtoto amelala mgongoni, vumbi hadi magotini. Shemeji anawakaribisha vizuri, anawatengea muhogo, kisha anauliza kwa sauti ya chini watakaa siku ngapi.