Trekta ya shamba hadi Ncha ya Kusini

Mtajie mkulima wa Kenya Massey Ferguson, atakuambia habari za kulima. Sasa mfikirie babu yake, Ferguson TE20, juu ya theluji ya Antaktika!

TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Ni trekta ndogo, nguvu za farasi 28 hivi. Edmund Hillary, yule wa Everest, alizichukua kwa kazi ya kuweka maghala ya mafuta na chakula ambayo Vivian Fuchs angeyatumia akivuka bara lile.

Mafundi wake, Jim Bates na Murray Ellis, walizifanyia jua kali ya baridi. Gurudumu la mbele na la nyuma yalivishwa mkanda mmoja kama wa buldoza, na gurudumu la ziada katikati. Usukani ukakosa kazi. Lakini TE20 tayari ilikuwa na breki ya kila upande, ya kukatia kona shambani, basi wakaendesha kwa breki. Hapo ndipo ninapovua kofia: kifaa kilikuwepo, wao walikipa kazi nyingine tu. Kisha turubai la kuzuia upepo, na kamba kati ya trekta na trekta, ili moja ikitumbukia kwenye ufa wa barafu nyingine ziishike.

Waliondoka Scott Base tarehe 14 Oktoba 1957. Gari lao la nne, Weasel, liliharibika likaachwa njiani. Maghala yalipokamilika Hillary hakurudi, akasonga mbele. Tarehe 4 Januari 1958 trekta tatu zilifika Nchani, zikiwa zimebakiwa na galoni 20 hivi za mafuta.