Shuka ya plastiki inayopima damu ya mzazi

MWANAMKE aliyetoka kujifungua anaweza kupoteza maisha yake kwa kuvuja damu kabla ya saa mbili kwisha. Mara nyingi wanaomzunguka hawatambui ukubwa wa hatari hadi anapoanza kutokwa na jasho baridi na kuzirai.

Sababu yake si fumbo. Mimba inapokomaa, damu ipatayo nusu lita au zaidi hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mfuko huo hujikaza na kuibana mishipa iliyoachwa wazi. Misuli ikilegea, mishipa hubaki wazi na damu humwagika. Ulegevu huo ndio chanzo cha takriban visa saba katika kila kumi. Vinavyosalia hutokana na kipande cha kondo kilichobaki ndani, kuchanika kwa njia ya uzazi, au damu kukataa kuganda.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2025 kwamba karibu wanawake 45,000 hufa kila mwaka kutokana na hali hiyo. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wanawake 355 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Uchunguzi wa kitaifa wa vifo hivyo, uliochapishwa mwaka 2017, ulibaini kuwa kuvuja damu ndiko kulikoongoza. Aidha, ulibaini kwamba kati ya kila wanawake 10 waliofariki, tisa walikuwa wamepata huduma yenye kasoro.

Ikumbukwe kuwa wengi wao walifia hospitalini. Serikali ilifuta ada za kujifungua katika vituo vya umma mnamo Juni 2013, na tangu hapo kina mama wengi wameacha kuzalia nyumbani. Kumfikisha mzazi hospitalini ni nusu ya safari tu.

Kasoro ya kwanza ilikuwa katika kupima. Kwa miaka mingi vitabu vya uuguzi vimefundisha kwamba mzazi aliyepoteza mililita 500 za damu baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida yumo hatarini. Lakini nani alizipima mililita hizo? Muuguzi alitazama shuka za kitanda, pamba na sakafu, kisha akakisia. Damu imechanganyika na maji ya uzazi na mkojo, nyingine imenyonywa na godoro, na nyingine imeganda chini ya mgonjwa. Tafiti nyingi zimethibitisha kuwa anayekisia kwa macho hupunguza kiasi halisi, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo anavyokosea zaidi. Miaka 20 kazini haimwondolei muuguzi udhaifu huo.

Kifaa kilichobuniwa kuondoa makisio hayo ni rahisi kuliko jina lolote kinachoweza kupewa. Ni shuka nyepesi ya plastiki inayotandikwa chini ya makalio ya mzazi mara tu mtoto anapozaliwa. Ncha yake moja ina mfuko mwembamba unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, na juu ya mfuko huo kumechorwa mistari ya vipimo. Damu huteremkia humo, na muuguzi husoma kiasi chake kama asomavyo kikombe cha kupimia unga. Haina betri wala skrini, na haihitaji fundi.

Shuka hiyo ilifanyiwa majaribio makubwa katika utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa ushirikiano na WHO. Ulishirikisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Matokeo yake yalitangazwa Mei 2023.

Katika hospitali zilizotumia shuka yenye mistari pamoja na utaratibu mpya wa matibabu, wanawake 1.6 katika kila 100 walivuja damu kwa wingi wa lita moja au zaidi, au walipasuliwa tumbo au kufariki kwa sababu hiyo. Katika hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida, idadi hiyo ilikuwa 4.3. Tofauti hiyo ni asilimia 60. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuweza kuthibitisha kwamba vilipungua, na watafiti hawakudai hivyo.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Hata katika hospitali za huduma ya kawaida damu ilikingwa kwa shuka, ila shuka zao hazikuwa na mistari. Damu hiyo ilipimwa kwa mizani baadaye kwa ajili ya rekodi za watafiti. Ndipo ilipobainika kuwa wahudumu walikuwa wametambua nusu tu ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi. Palipokuwa na mistari, walitambua 93 katika kila 100. Waliopitwa bila kutambuliwa walikuwa wamelala mbele ya watu waliosomea kazi hiyo na kuipenda.

Hata hivyo, mistari peke yake haizuii damu. Kasoro ya pili ilikuwa katika tiba. Desturi ilikuwa kutoa dawa moja, kungoja, kutazama, kisha kujaribu nyingine, na pengine kumtafuta daktari aje aidhinishe. Utaratibu mpya unataka mambo yote yafanywe kwa pamoja ndani ya dakika 15: muuguzi akande tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, atoe oksitosini, atoe gramu moja ya asidi ya traneksamiki, aweke dripu ya maji, kisha amkague mzazi kuona kama amechanika au kuna kondo lililobaki. Damu isipokoma, ndipo aite wakubwa wake. Dawa na vifaa hivyo huwekwa katika sanduku moja wodini, na sanduku hujazwa upya kila linapotumiwa.

Asidi ya traneksamiki haigandishi damu, bali huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake 20,000 katika mataifa 21 ulionyesha kuwa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu thuluthi moja.

Hapa ndipo thamani halisi ya shuka inapoonekana. Damu inapofika kwenye mstari, muuguzi wa zamu hahitaji tena kumshawishi mtu kwamba hali ni mbaya, wala kuhofia kukemewa kwa kutumia dawa bila idhini. Namba imeshasema. Katika kituo cha afya ambako daktari hayupo usiku, mamlaka hayo ni makubwa kuliko mashine nyingi za bei ghali.

WHO iliidhinisha matumizi ya shuka na utaratibu huo mwaka 2023. Oktoba 2025, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga, ilikwenda mbali zaidi. Sasa inashauri tiba ianze damu inapofika mililita 300 iwapo kuna dalili nyingine ya hatari, kama vile moyo kupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika au shinikizo la damu kushuka. Mwanamke mwenye upungufu wa damu, na wako wengi Afrika Mashariki, huzidiwa hata kabla ya kufikisha mililita 500.

Ugumu uliosalia ni wa watu na bidhaa. Katika saa ya kwanza, mzazi anapaswa kuangaliwa kila baada ya dakika 15. Muuguzi mmoja mwenye wazazi watatu atafanya vipimo 12 katika saa hiyo, huku wa nne akisukuma mtoto. Oksitosini nayo inahitaji jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8, na umeme ukikatika kwa muda mrefu huanza kupoteza nguvu. Ipo dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo, na matokeo kutangazwa mwaka 2018. Hata hivyo hiyo ni ya kukinga, si ya kutibu damu iliyokwisha kuanza kuvuja.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi na kununua vifaa hivi. Shuka hutumiwa mara moja na kutupwa, hivyo kila mzazi anahitaji yake, na kaunti inayonunua za mwezi mmoja imenunua za maonyesho. Wanaojifungua kwa upasuaji, ambao huvuja damu zaidi, hawakuhusishwa katika utafiti wa 2023, na kwao upimaji hufanywa kwa njia nyingine.

Mjamzito anayehudhuria kliniki ana haki ya kuuliza mapema kama hospitali anayoilenga ina shuka hizo, na kama damu ya kuongezewa hupatikana hapo au huagizwa kutoka mbali. Anapaswa pia kupimwa wingi wa damu yake na kumeza vidonge vya madini ya chuma anavyopewa.

Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, hatari haijaisha, kwani damu inaweza kuanza kuvuja upya hadi wiki sita baadaye. Mzazi anayelowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja, anayetoa mabonge makubwa ya damu, au anayehisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.