Alama ya Legendre na Mabaki ya Mraba

Namba tasa, yaani namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ina mpangilio ambao hudhihirika pale mabaki ya miraba yanapochunguzwa. Mraba wa namba yoyote isiyogawanyika kwa 7, ukigawanywa kwa 7, huacha 1, 2 au 4, wala hauachi kamwe 3, 5 au 6. Kwa hiyo 1, 2 na 4 huitwa mabaki ya mraba ya 7. Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alibaini kwa kukokotoa mifano mingi kwamba namba mbili tasa za witiri hufungamana: ama kila moja ni baki la mraba kwa mwenzake, ama hakuna iliyo hivyo, isipokuwa zote mbili zinapoacha 3 zikigawanywa kwa 4, ambapo moja tu ndiyo huwa baki. Hivyo 5 na 11 zinakubaliana, ilhali 7 ni baki la mraba kwa 3 lakini 3 si baki kwa 7.

Adrien-Marie Legendre wa Ufaransa alijaribu kuithibitisha sheria hiyo mwaka 1785, na katika kitabu chake cha mwaka 1798 akabuni alama yake: namba moja juu ya nyingine ndani ya mabano, yenye thamani 1 iwapo ya juu ni baki la mraba la ile ya chini, na -1 iwapo sivyo. Uthibitisho wake ulikuwa na pengo, kwani aliegemea kuwapo kwa namba tasa fulani ambazo hakuonyesha kwamba zipo. Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 18, ndiye aliyetoa uthibitisho kamili wa kwanza, Aprili 1796, akauchapisha mwaka 1801, na baadaye akatafuta njia nyingine, hata zikafika nane.

Hata hivyo, heshima ya alama hiyo kuitwa kwa jina la Legendre ni ya haki. Gauss alionyesha kuwa namba ni baki au si baki kwa herufi R na N, ambazo hueleza tu bila kukokotoleka, ilhali alama ya Legendre huzidishwa: thamani ya zao la namba mbili ni zao la thamani zake, na hesabu ndefu hukatwa vipande vifupi. Mwaka 1837 Carl Jacobi aliipanua ipokee chini yake namba yoyote chanya ya witiri, hata isiyo tasa, na mwaka 1977 Robert Solovay na Volker Strassen wakaitumia alama hiyo iliyopanuliwa kupimia kwa kompyuta iwapo namba kubwa ni tasa.