Kompyuta ikipiga hodi kwenye waya wa umeme

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya mno, mpaka wengine mkaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nime-disco. La hasha! Nilikuwa likizo nyumbani Tunduma, na mnaoijua baridi ya Julai kule Songwe mnaelewa kwa nini vidole vilikataa kuandika.

Leo naleta historia, maana ndiyo somo langu la kufundishia. Ila msiogope, si Mkutano wa Berlin wala Majimaji. Ni historia ya vidude vya kuunganisha kompyuta na waya wa umeme wa nyumbani, ili kompyuta iwashe na kuzima taa bila kuvuta waya mwingine. Kwa nini hiyo? Sababu ni vifaranga vya shangazi.

Shangazi anafuga kuku nyuma ya nyumba. Safari hii alikuwa na vifaranga 200 bandani, na taa nne za wati 100 za kuwatia joto. Tusidanganyane, kuku hao ndio wanaonilisha hapa chuo boom likichelewa. Usiku mmoja, saa tatu na nusu, LUKU ikawa imebakiza yuniti mbili. Piga hesabu: taa nne ni wati 400, yaani yuniti mbili zinakwisha ndani ya saa tano. Saa nane na nusu usiku, baridi ikiwa kali kuliko wakati wowote, banda lingekuwa giza.

Nikanunua umeme kwa simu, tokeni ikaja. Mita yetu iko juu ya nguzo, ndani tuna kile kidude cha kubofya namba, wengine mnakiita rimoti. Nikabofya namba zote 20. Kimya. Nikarudia. Kimya. Shangazi kasimama nyuma yangu na kanga begani, hasemi kitu, na ukimya wake ndio ulionitisha zaidi.

Jirani yetu ambaye ni fundi umeme akaja, akaangalia, akacheka. Mdogo wangu, anayesoma mambo ya ufundi Mbeya, alikuwa amechomeka chaja ya laptop yake kuukuu kwenye ekstensheni ileile ya rimoti. Fundi akaing'oa chaja, akachomeka rimoti moja kwa moja ukutani. Nikabofya tena, imekubali! Shangazi akasema, "Kumbe ilikuwa inapiga hodi, ila kelele zilikuwa nyingi, mwenye nyumba hakusikia."

Wadau, shangazi hajui, lakini hapo alifupisha historia nzima ya teknolojia hii. Rimoti nyingi za namna ile huongea na mita kupitia waya uleule unaoleta umeme (zipo pia zinazotumia redio). Chaja mbovu humwaga kelele kwenye waya huo na kuifunika sauti ya rimoti.

Kesho yake mdogo wangu akaja na wazo. Banda tayari lina waya wa umeme, kwa hiyo tutafute kiunganishi kimoja cha mtumba, kompyuta iongoze taa usiku kucha. Rafiki yake alikuwa nacho, bei poa. Nikamwambia, "Subiri kwanza, acha nisome."

Nilichokikuta ni hiki. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Uskoti, iliyokuwa ikitengeneza chipu za kikokotozi, ilianza mradi wake wa kumi. Ndiyo maana ukaitwa X10. Umeme wetu wa hertz 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. X10 hupenyeza pale kwenye sifuri mlio mfupi wa kilohertz 120, ambao sikio halisikii. Mlio ukiwepo ni moja, usipokuwepo ni sifuri. Kila kifaa kina anwani ya herufi A hadi P na namba 1 hadi 16, jumla anwani 256. Amri moja huchukua karibu sekunde nzima. Ni konokono, lakini kwa taa inatosha.

Mwaka 1978 vifaa hivyo vilianza kuuzwa Marekani, kwenye maduka kama Radio Shack na Sears. Mwanzoni mtu alibonyeza vitufe mwenyewe, baadaye kompyuta ikataka kushika usukani. Hapo ndipo swali la kuchagua kiunganishi lilipoanza.

Miaka ya 1980 kulikuwa na CP290. Unakichomeka kwenye kompyuta, unakipa ratiba, unazima kompyuta, chenyewe kinaendelea kwa saa yake ya ndani. Safi sana, ila kilikuwa kinasema tu, hakisikii. Miaka ya 1990 ikaja CM11A. Hiki kilituma na kupokea, kikawa na kumbukumbu yake na betri ndogo za kulinda saa umeme ukikatika. Baadaye ikatoka CM17A, iliyopewa jina la Firecracker, ndogo kabisa. Hiyo haigusi hata waya wa umeme, hutuma redio kwa kifaa kingine ndicho kiingize amri kwenye waya. Bei chee, lakini nayo ni ya kusema tu, na kompyuta ikizimwa, kazi imekwisha. Kisha ikaja CM15A ya USB, maana kompyuta mpya zilikuwa zinaachana na ile soketi ya zamani ya siriali.

Sasa hapa ndipo wengi waliponaswa, na mdogo wangu alikuwa mbioni kunaswa. Alisema, "Dada, CM11A inasikia, kwa hiyo tutajua taa imewaka." Hapana! Kusikia kwa kiunganishi hakumaanishi kwamba taa inajibu. Moduli nyingi za taa za X10 zilikuwa bubu. Chache tu, kama LM14A, ziliweza kuulizwa hali yake zikajibu. Kwa hiyo kompyuta ingeonyesha "imewashwa" huku vifaranga vinakufa gizani.

Kampuni ya SmartLabs ya Marekani ilileta Insteon mwaka 2005 ili kutibu ugonjwa huo. Kila kifaa hujibu kwamba amri imefika, na vifaa husaidiana kurudia ujumbe, kwa waya na kwa redio. Wateja wakafurahi. Aprili 2022 seva zake zikazimwa bila taarifa. Waliotegemea kifaa cha kupitia intaneti waliachwa kwenye mataa. Waliokuwa na kiunganishi kilichounganishwa kwa kompyuta yao wenyewe, na programu yao humohumo nyumbani, waliendelea kama kawaida. Juni mwaka huohuo kundi la wateja likainunua kampuni na kuirudisha, lakini somo lilikuwa limeeleweka.

Na sisi tusijione tuko nyuma. Rimoti ya LUKU, hata kama huiiti hivyo, ni kiunganishi cha waya wa umeme kinachojibu: tokeni imekubaliwa au imekataliwa. Tena tokeni imefungwa kwa siri ili ifae mita moja tu, wakati X10 jirani mwenye anwani kama yako angeweza kukuzimia taa. Ila nayo ina historia yake. Mfumo wa tokeni hizo ulihesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mwaka ule TANESCO ilitutumia mafungu matatu ya namba 20 tuingize. Mnakumbuka tulivyolalamika?

Basi nikampa mdogo wangu maswali manne. Kiunganishi ni cha volti 230 na hertz 50? Kinakumbuka ratiba kompyuta ikizimika? Taa yenyewe inajibu, au tunajidanganya? Na je, kitafanya kazi hata kampuni ikifunga milango? Kile cha rafiki yake kilianguka kwenye swali la kwanza tu, ni cha volti 120 za Marekani.

Shangazi alitusikiliza, kisha akauliza la kwake: "Na umeme ukikatika kabisa, hicho kidude kitawasha jiko la mkaa?" Tukaishia kucheka.

Kwa sasa bandani tumefunga kidhibiti joto cha kawaida, na jiko lipo tayari pembeni. Vifaranga wote 200 walivuka usiku ule. Nami nimerudi chuo na chaja ya mdogo wangu begani, nimeitaifisha.

Tuko pamoja wadau, UE inakaribia, someni.