Kitabu cha Kusafiria Kilivyofika Magara

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipita nchi ya Uha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Kila alipofikia himaya ya mtemi alidaiwa hongo ya vitambaa. Mizigo ikazidi kupungua, hadi akaona akiendelea hivyo atafika ziwani mikono mitupu. Akauondoa msafara wake usiku, kimya kimya, kwa njia za porini. Kwa lugha ya leo tungesema amekwepa uhamiaji. Baada ya kumpata, yeye na Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji wakafuata mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, wakipita mbele ya pale ilipo Rumonge ya leo na mbele ya vilima vya Magara, mwambao wa Burundi ya sasa. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, limechorwa tarehe yao: 25 Novemba 1871.

Hongo hiyo wazungu waliiandika kwa hasira, kana kwamba ni unyang'anyi mtupu. Mimi naona ilikuwa na mantiki yake. Mgeni alilipa, akajulikana kwa mwenye nchi, akapewa njia. Kilichosumbua ni kwamba bei haikuwa na kikomo, na kila mkubwa alikuwa na bei yake. Wanaosafiri leo kwa barabara kutoka nchi moja hadi nyingine katika Maziwa Makuu wataniambia kama hali hiyo imekwisha.

Watu wa mwambao wenyewe walizoea kuvuka. Chumvi, samaki, mawese, pembe na, katika miaka mibaya, watumwa, vyote vilipita majini. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka Ujiji walijenga kituo Rumonge, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu vikatia mizizi ambayo haijang'oka. Mkubwa wao wa Ujiji, Mohammed bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuitwaa Burundi kwa nguvu, lakini Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo akamzuia asipande milimani. Ufukweni biashara ikaendelea.

Wajerumani walijenga boma lao Usumbura, Bujumbura ya sasa, mwaka 1897, na miaka michache baadaye likaja jambo lililobadilisha kabisa suala la kuvuka ziwa. Lilikuwa ugonjwa wa malale. Mbung'o walijaa kwenye vichaka vya ufukwe, na wavuvi na wachuuzi, kwa kuwa hawatulii mahali pamoja, walionekana na madaktari kuwa ndio wanaobeba ugonjwa kutoka Kongo kuja huku na kuurudisha. Kambi za tiba zikafunguliwa kando ya ziwa, Rumonge ikiwamo. Wagonjwa walidungwa atoksili, dawa yenye aseniki ambayo iliweza kumpofusha mtu. Vichaka vikafyekwa, vijiji vingine vikahamishwa mbali na maji, na mitumbwi ikaanza kutazamwa kwa jicho la mashaka. Ng'ambo, upande wa Kongo, Wabelgiji walimtaka Mwafrika anayetoka sehemu moja kwenda nyingine awe na pasipoti ya afya, karatasi ya kuthibitisha kwamba amepimwa. Kwa hiyo katika ziwa hili serikali ilianza kuuliza habari za damu ya msafiri kabla haijashughulika na uraia wake. Kadi ya njano ya chanjo ambayo abiria wa leo huiambatisha na pasipoti yake ni ndugu wa mbali wa karatasi hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likawathibitishia usimamizi wa Ruanda-Urundi. Wakati huohuo dunia ilikuwa inajifunza kudai vitabu. Kabla ya vita, mtu mwenye nauli aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuonyesha karatasi yoyote. Vita vilileta hofu ya wapelelezi, na mkutano uliofanyika Paris Oktoba 1920 ukapendekeza pasipoti ya sura moja kwa nchi zote: kitabu chenye kurasa 32, kilichoandikwa kwa lugha ya nchi husika na kwa Kifaransa. Wengi walidhani ni hatua ya muda. Umbo hilo bado tunalo mifukoni.

Mtu wa Magara hakukipata kitabu hicho. Mwaka 1923 Baraza la Shirikisho liliamua kwamba wakazi wa nchi zilizo chini ya usimamizi wana hadhi yao ya pekee, hawageuki kuwa raia wa msimamizi. Kwa hiyo hakuwa Mbelgiji, na Mkongo pia hakuwa, ingawa Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo kiutawala mwaka 1925. Ndani ya himaya hiyo utawala ulitaka kujua nani analipa kodi wapi. Huko Kongo mtu aliyetaka kukaa nje ya wilaya yake kwa muda alitakiwa kubeba kibali kilichoitwa passeport de mutation. Jina lilikuwa la pasipoti, kazi yake ilikuwa kinyume: kumfunga mtu mahali. Warundi wengi walijibu kwa miguu. Walivuka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanganyika na mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, wengi wao bila kumuaga mtawala yeyote.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, na pasipoti ya Burundi ikazaliwa nao. Ilikuwa kitu cha wachache: mawaziri, wanafunzi waliopata nafasi Ubelgiji, wafanyabiashara wakubwa, mahujaji wa Rumonge waliojaliwa uwezo wa kwenda Makka. Kisha ikaja 1972.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi wa Kihutu walishambulia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa kitovu, wakaua Watutsi na watumishi wa serikali. Utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Familia za mwambao zilikimbilia mitumbwini, zikaelekea Kigoma nchini Tanzania au ng'ambo ya Kongo. Nani angekumbuka karatasi usiku ule? Wengi walipelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo, kwenye mikoa ya Tabora na Rukwa ya wakati huo. Huko walilima, wakalisha na nchi iliyowapokea, lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Mtoto aliyezaliwa Mishamo alikua akijua kwamba safari ya kwenda kumwona shangazi mjini huanzia kwenye dawati la ofisi.

Nusu ya safari hii ya karatasi ilimalizikia Tanzania. Mwaka 2007 wakimbizi wa 1972 waliulizwa wachague: kurudi au kuomba uraia. Karibu wanne kati ya watano walichagua Tanzania, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Vyeti vyao vilichelewa hadi Oktoba 2014. Waliorudi Rumonge walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya, baadhi wakiwa na hati za serikali. Ugomvi wa ardhi wa mwambao huu ni makala nyingine ndefu, ila chanzo chake ni hichohicho: mmoja alikuwa na karatasi, mwingine alikuwa na kumbukumbu.

Kwa safari fupi za kila siku, mkombozi alikuwa CEPGL, jumuiya iliyoundwa Septemba 1976 kati ya Burundi, Rwanda na Zaire, Kongo ya sasa. Ilileta lesepase, hati ya bei nafuu iliyomwezesha mama muuza mawese kwenda Uvira, upande wa Kongo, na kurudi bila pasipoti. Jumuiya yenyewe ilizimika na kufufuka mara kadhaa kwa sababu ya vita, lakini karatasi yake ilidumu kuliko mikutano ya viongozi wake. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, Kongo ikafuata 2022. Hata hivyo, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana mwaka 2014 raia wao wapite kwa vitambulisho tu, Tanzania na Burundi zilibaki nje ya mpango huo. Kigoma, ambako bibi wa Magara ana wajukuu, ikaendelea kutaka hati.

Pasipoti ya bayometriki ilifika Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kwa muda mrefu bei yake ilikuwa faranga 235,000. Tusizunguke: kwa kijana anayevuta nyavu za ndagala hiyo ni fedha ya miezi. Lakini wakati huo dunia nzima ilikuwa inafunga mlango wa vitabu vya zamani. Shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa liliweka tarehe 24 Novemba 2015 kuwa mwisho wa pasipoti zisizosomeka kwa mashine. Mwaka huohuo, mwezi Mei, machafuko yalipozuka, maelfu ya Warundi walikimbilia tena ziwani, wakajazana Kagunga upande wa Tanzania, na meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya wazazi wao kuzaliwa, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Mashine ya kusoma pasipoti haikuwa na kazi pale.

Kisha likazuka jambo ambalo hakuna mzee wa mwambao angelitabiri: Serbia. Februari 2018 Burundi iliondoa utambuzi wake wa Kosovo, iliyojitenga na Serbia, na Serbia ikalipa fadhila kwa kuwafutia Warundi viza. Kwa miaka michache haikuwa habari. Mwaka 2022 vijana wakagundua kwamba pasipoti ya Burundi, ambayo viza za Ulaya huikwepa, inafungua Belgrade. Mashamba yakauzwa, michango ikakusanywa, foleni za Uhamiaji zikarefuka. Kutoka Belgrade walienda Croatia, wengi wakalenga Ubelgiji kuomba hifadhi. Oktoba 2022, baada ya shinikizo la Umoja wa Ulaya, Serbia ikarudisha viza. Waliokuwa wamelipia kitabu na bado wanasubiri tiketi walibaki na kitabu.

Leo wengi wanaopanga safari hapa wanaelekea Ghuba, baada ya Burundi kutia saini mkataba wa wafanyakazi na Saudi Arabia mwaka 2021. Kinachowakwamisha mara nyingi ni mambo madogo. Pasipoti ina uhai wa miezi minne, na nchi nyingi hudai sita. Kadi ya homa ya manjano inatambuliwa maisha yote tangu Julai 2016, lakini chanjo ya kwanza huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo anayechanjwa leo na kuruka kesho anaweza kurudishwa.

Na kuna suala la majina. Kirundi hakina desturi ya jina la ukoo: kila mtoto hupewa jina lake, na watoto wanne wa tumbo moja huweza kuwa na majina manne ya mwisho yasiyofanana wala kufanana na ya baba. Magara hilo halimshangazi mtu. Uwanja wa ndege wa mbali, ofisa humtazama mama, huwatazama watoto, kisha huuliza hawa ni wa nani. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, chenye majina ya wazazi wote wawili yaliyoandikwa herufi kwa herufi kama kwenye karangamuntu (vitambulisho) zao, ndicho hujibu swali hilo, na kukirekebisha komini kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kungoja pasipoti yenyewe.