Bure, Mchango na Bima: Mvutano wa Maneno katika Mageuzi ya Matibabu nchini Kenya, 1965–2024

Utangulizi

Mjadala wa hadhara kuhusu namna serikali ipasavyo kugharimia matibabu ya raia umedumu nchini Kenya tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Aghalabu mjadala huo huelezwa kwa upande wa fedha: ni nani alipe, alipe kiasi gani, na fedha zilizokusanywa zitumiwe na nani. Upande wa lugha nao wastahili kuangaliwa. Kila mageuzi yalipoletwa, yaliletwa kwa jina. Na jina hilo halikubuniwa upya, bali lilikuwa neno ambalo wananchi walikuwa wakilitumia tayari kwa maana yao wenyewe. Makala haya yanachunguza maneno matatu, yaani bure, mchango na bima, na kudai kwamba sehemu kubwa ya ubishi uliozuka ilitokana na pengo kati ya maana waliyoizoea wananchi na maana iliyokusudiwa na sheria.

Bure

Katika siku za ukoloni, mgonjwa asiyelazwa alitozwa ada katika vituo vya serikali. Chama cha KANU kilikuwa kimeahidi huduma za matibabu zisizolipiwa, na mwaka 1965 ada ya shilingi 5 ilifutwa. Hatua hiyo iliambatana na wito wa kupambana na maadui watatu, yaani umaskini, ujinga na maradhi. Walakini katika mwaka huo huo serikali ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika, ambao uliweka ukuaji wa uchumi mbele ya ugawaji wa huduma. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na ahadi mbili zilizovutana: moja ikisema huduma itolewe sasa, nyingine ikisema mali itafutwe kwanza.

Neno bure lenyewe lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Lakini kazi bure ni kazi isiyo na tija. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa namna ya kuhama kutoka maana ya kwanza hadi ya pili. Mwaka 1970 serikali kuu ilitwaa huduma za afya za mashambani kutoka kwa serikali za mitaa, na zahanati nyingi, nyingine zikiwa zimejengwa kwa nguvu za wanavijiji, zikaitegemea hazina moja. Kadiri idadi ya watu ilivyozidi na uchumi ulivyodhoofika katika miaka ya 1970 na 1980, dawa zikawa adimu. Mgonjwa aliyefika katika zahanati isiyo na dawa alikuwa amehudumiwa bure kwa maana zote mbili. Hapo ndipo watetezi wa mageuzi yaliyofuata walipopata hoja yao, nayo haikuwa hoja dhaifu: huduma isiyolipiwa na yeyote haina budi kwisha.

Mchango

Tarehe 1 Desemba 1989 serikali ilianzisha mpango wa wagonjwa kuchangia gharama. Asilimia 75 ya fedha zilizokusanywa ilibaki katika kituo kilichozikusanya, na asilimia 25 ikatengewa huduma za msingi za afya katika wilaya. Zahanati ziliachwa nje ya ada hizo. Kwa upande wa hesabu, mpango ulikuwa na busara yake, kwani fedha zilirudi karibu na mgonjwa.

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, neno mchango lilikuwa na historia gani kufikia mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka 25 wananchi walikuwa wamechanga katika mikutano ya harambee. Katika matumizi hayo, mchango hutolewa hadharani, kwa kadiri ya uwezo wa mtoaji, tena kwa ajili ya jambo la watu wote. Asiye na kitu huweza kutoa kuku au nguvu zake, na hakuna anayemfukuza. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ilipata nguvu yake katika desturi hiyo. Sasa neno hilo hilo likatumiwa kwa malipo yaliyowekwa kiwango maalum, yaliyotakiwa kwa mtu mmoja, tena katika saa ya ugonjwa wake. Ingawa sera iliweka misamaha kwa wasiojiweza, maskini hakutazamwa tena kama mchangaji mdogo, bali kama mtu anayepaswa kuthibitisha umaskini wake ili asamehewe.

Matokeo yalionekana upesi. Mahudhurio katika vituo kadhaa yalipungua. Mathalan, uchunguzi uliofanywa katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi ulionyesha kwamba wagonjwa, wanaume kwa wanawake, walipungua sana katika kipindi cha ada. Mnamo Septemba 1990 ada ya kujiandikisha ilisimamishwa. Ilipoanza kurejeshwa kwa awamu mwaka 1992, haikurudi kwa jina lile: iliitwa ada ya matibabu, na mgonjwa ambaye hakupata dawa hakutakiwa kulipa.

Badiliko hilo lina uzito katika hoja ya makala haya. Huenda msomaji akasema kwamba ubishi ulihusu fedha tu, na kwamba maneno yalikuwa mavazi yake. Lakini kama ni hivyo, kubadilisha ada ya kujiandikisha kuwa ada ya matibabu kungekuwa jambo dogo. Tofauti haikuwa ya shilingi pekee. Ada ya kwanza ilimtoza mtu kwa kuwa mgonjwa. Ya pili ilimtoza kwa kuwa ametibiwa. Waliotunga mpango wa pili walikiri, kwa vitendo, kwamba jina la malipo hueleza ni nini kinachodaiwa kulipiwa. Mfano wa pili ni wa Julai 2004, ambapo ada zilipunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya, kabla ya kufutwa kabisa katika ngazi hizo mnamo Juni 2013.

Bima

Neno bima lina asili ya Kiajemi, nalo lilifika pwani kupitia lugha za Bara Hindi. Kwa muda mrefu lilikuwa neno la wafanyabiashara: mwenye mali hulipa kidogo leo ili asifilisike kesho. Katika biashara, bima ni mkataba wa hiari kati ya pande mbili. Bima ya taifa ni jambo jingine, kwani mwenye afya humlipia mgonjwa na mwenye nacho humlipia asiye nacho, nao wote hufungwa na sheria.

Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali iliundwa kwa sheria mwaka 1966. Hapo mwanzo iliwahusu wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, ambao walitozwa shilingi 20. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanachama wa hiari. Katika kinywa cha mfanyakazi, hata hivyo, fedha hizo hazikuitwa bima wala mchango. Ziliitwa makato. Sarufi yenyewe yaeleza: katika harambee mtu huchanga, na kitenzi ni cha kutenda, katika mshahara mtu hukatwa, na kitenzi ni cha kutendwa. Mwenye kuchanga ana sauti katika matumizi ya mchango wake. Mwenye kukatwa huona pengo tu katika hati ya mshahara.

Mwaka 2004 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii uliokusudia kumfikia kila mkazi, huku serikali ikiwalipia maskini. Ulipitishwa Desemba mwaka huo, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Watetezi walisema ni haki ya maskini. Wapinzani, wakiwamo wenye makampuni ya bima za kibinafsi, walisema uchumi hauwezi kuubeba. Katiba ya mwaka 2010 iliimarisha hoja ya haki, kwani Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa.

Ubishi huo ulirudi kwa nguvu baada ya tarehe 19 Oktoba 2023, Rais William Ruto alipotia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Makato ya mwenye mshahara yakawa asilimia 2.75 bila kikomo cha juu, ilhali chini ya utaratibu wa mwaka 2015 aliyekatwa zaidi alitoa shilingi 1,700 kwa mwezi. Asiye na mshahara alikadiriwa kwa mali ya kaya yake, naye hakutakiwa kutoa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Serikali iliyaita malipo hayo mchango. Wapinzani wengi waliyaita kodi. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka Katiba, miongoni mwa sababu ikiwa kutoshirikishwa kwa umma ipasavyo. Mnamo Septemba Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mpango mpya ukaanza.

Hitimisho

Mahakama ilitazama utaratibu wa kuwashirikisha wananchi. Mwanaisimu ana sababu ya kutazama pia lugha ya ushirikishwaji huo. Kiswahili kiliruhusiwa bungeni mwaka 1974 kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, na Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, matini ya sheria ya mwaka 2023 yaliandikwa kwa Kiingereza, na wananchi wakaijadili kwa maneno ambayo sheria yenyewe haikuwa imeyafasili. Mmoja aliposema mchango, mwingine alisikia harambee. Aliposema bima, mwingine alisikia mkataba anaoweza kuukataa.

Haisemwi hapa kwamba istilahi bora ingeondoa mgongano wa masilahi kati ya mwajiri na mwajiriwa, au kati ya tajiri na maskini. Mgongano huo ni wa kweli na utadumu. Kinachosemwa ni kwamba wananchi hawawezi kukubali wala kukataa jambo ambalo hawajaelezwa kwa lugha wanayoielewa. Hapana budi miswada ya afya itolewe pia kwa Kiswahili kabla ya vikao vya kuwasikiliza wananchi, tena ifasili waziwazi tofauti kati ya mchango, bima, kodi na makato. Kazi hiyo yawahusu wanasheria na wataalamu wa Kiswahili kwa pamoja, nayo yafaa ifanywe wakati mswada ungali mswada.