Krismasi na watoto wadogo: Shughuli za kuwafaa bila kuumiza mfuko

KRISMASI inapokaribia, mzazi mwenye watoto wadogo hujipata njia panda. Upande mmoja yupo mtoto anayetarajia nguo mpya, maputo na safari. Upande wa pili ipo Januari pamoja na karo, sare na vitabu vyake.

Wazazi wengi hujaribu kumfurahisha mtoto kwa kununua. Hata hivyo, mtoto wa umri wa miaka minane kurudi chini hapimi sherehe kwa bei. Aghalabu anachokikumbuka ni kile alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, na mtu aliyekuwa kando yake alipokifanya.

Zifuatazo ni shughuli ambazo familia inaweza kuziandaa kwa gharama ndogo, iwe mjini au mashambani.

Mapambo ya nyumba

Katika maeneo ya nyanda za juu, familia nyingi hukata tawi la mti wa saipresi na kulisimamisha ndani ya ndoo yenye mchanga au mawe. Mtoto apewe jukumu la kulipamba. Karatasi za magazeti ya zamani zikikatwa vipande vyembamba na kuunganishwa kama pete, hutoa mnyororo mrefu wa kutundika. Gundi si lazima inunuliwe, kwani unga wa ngano uliokorogwa kwa maji na kupikwa hadi ukawa mzito hushika karatasi barabara.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupaka gundi na kubandika. Wa miaka sita anaweza kukata kwa makasi butu na kuwaandikia jamaa kadi. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasiachiwe vizibo vya chupa, shanga wala vipande vya maputo yaliyopasuka, maana huvitia vinywani na vinaweza kuwakaba koo.

Hori ya Krismasi

Mwaka wa 1223, Mtakatifu Francis wa Assisi aliandaa hori katika kijiji cha Greccio, nchini Italia. Alitumia nyasi kavu, ng'ombe na punda walio hai ili waumini waone kwa macho yao mazingira aliyozaliwa Yesu. Desturi ya kutengeneza hori imeenea kote duniani tangu wakati huo.

Familia inayosafiri kwenda mashambani haina haja ya kununua sanamu. Mtoto wa mjini apelekwe zizini kwa babu na nyanya, aone ng'ombe anapolia nyasi, kisha aambiwe kwamba mahali kama hapo ndipo mtoto Yesu alipolazwa. Baadaye afinyange wanyama kwa udongo na kujenga kibanda kwa majani makavu ya mgomba. Jioni, watoto wa ukoo mzima wanaweza kuigiza kisa hicho mbele ya wazee, leso zikiwa ndizo mavazi yao.

Kazi za jikoni

Chapati ndicho chakula ambacho watoto wengi nchini hukihusisha na Krismasi. Badala ya kuwafukuza jikoni, mpe kila mmoja donge dogo la unga uliokandwa alisukume atakavyo. Chapati yake ikitoka na umbo la ramani, ipikwe hivyo hivyo na aile kwa fahari.

Kazi ya mtoto ikomee kwenye kibao cha kusukumia. Kikaango, mafuta ya moto na sufuria ziachiwe watu wazima, na mpini wa kikaango uelekezwe mbali na ukingo wa meko.

Hadithi za jioni

Kenya ina kisa chake cha kweli cha msimu huu. Baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 26, 2004, kiboko mchanga aliyepotezana na wenzake aliokolewa baharini karibu na Malindi. Alipewa jina Owen na kupelekwa Haller Park, Bamburi. Huko alimwendea kobe mkubwa mzee, aliyeitwa Mzee, akawa anamfuata, anakula naye na kulala kando yake.

Mtoto akishasimuliwa, aulizwe: Je, wewe ungemfanyia nini mgeni aliyepotea? Vilevile, babu na nyanya waombwe wasimulie jinsi Krismasi ilivyosherehekewa walipokuwa watoto.

Matembezi

Familia zisizosafiri zinaweza kuchagua siku moja ya matembezi. Jijini Nairobi, watoto huweza kulisha twiga kwa mikono katika Giraffe Centre, Lang'ata, au kutembea katika msitu wa Karura. Mombasa ina Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nayo Kisumu ina hifadhi ya Impala kando ya Ziwa Victoria.

Ni vyema kuuliza kiingilio mapema, kubeba chakula na maji kutoka nyumbani, na kufika asubuhi kabla ya umati.

Kumfunza mtoto kutoa

Mtoto achague nguo au kichezeo ambacho bado ni kizima, akikabidhi mwenyewe kwa mwenye kuhitaji. Aidha, atumwe kwa jirani na sahani ya chapati. Katika mitaa ambapo Wakristo na Waislamu huishi pamoja, sahani hiyo huenda ikawa shukrani kwa pilau iliyoletwa siku ya Idi. Samaki mkunje angali mbichi.

Usalama wao

Shamrashamra zikizidi, kila mtu mzima hudhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto, na hapo ndipo maafa hutokea. Kwenye kidimbwi cha kuogelea, ufuo au mto, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi kwa muda maalumu, kisha ampokeze mwingine. Mapipa na ndoo za maji zifunikwe.

Wageni wanapojazana chumbani usiku, jiko la makaa lisiingizwe ndani ili kuleta joto. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotokana nalo haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kwenye umati, mtoto awe na karatasi mfukoni yenye nambari ya simu ya mzazi. Safarini, chagua gari la mchana, na kila mtoto awe na kiti chake na mkanda.

Kabla ya Januari

Fedha za karo na sare zitengwe kabla ya Desemba 25, na sherehe ipangwe kwa kilichosalia. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuelezwa kwa upole kwamba mwaka huu kutakuwa na zawadi moja na matembezi ya siku moja, ashiriki kuchagua. Anayeshirikishwa mapema halalamiki sana siku ya sikukuu. Naye mzazi ataingia mwaka mpya akiwa na karo mkononi na mtoto aliyeridhika.